Beringi za injini ya Land Rover ya zamani: zishike mkononi kabla hujachonga krenki

Krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ya kwanza niliyoipeleka kuchongwa niliilipia mara mbili. Ilikuwa ya Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, mali ya baba yangu mdogo. Gari lilikuwa limelala chini ya mwarobaini huko Chamwino miaka kadhaa, kuku wakitagia kwenye siti ya nyuma. Fundi akapima, akasema, "Hii inakubali kumi," yaani shingo zake, zile sehemu za duara zinazozunguka ndani ya beringi, zichongwe zipungue inchi 0.010 na beringi ziwe za saizi hiyo. Nikamjibu, "Piga, kaka." Akachonga vizuri, sina lawama naye. Ndipo nikaanza kuzunguka kutafuta beringi za kumi. Dodoma mjini hakuna. Dar wana ishirini. Arusha wana ishirini na arobaini. Baada ya wiki tatu za kupiga simu nikairudisha krenki ileile kwa fundi yuleyule, ikachongwa tena mpaka ishirini. Nililipa kazi mara mbili, na hatua nzima ya uhai wa krenki ikaishia kwenye vumbi la jiwe la mashine.

Kwa hiyo hapa tunaanza na kununua, kuchonga kunafuata. Nitatumia injini ya Land Rover ya lita 2.25 kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono. Mwenye Peugeot 504 au Land Cruiser ya zamani atapita njia hiihii, ila vipimo vyake ni vingine.

Jua injini, achana na jina la gari

Ukifika dukani ukasema "naomba beringi za Land Rover ya zamani," umemwomba muuzaji akubahatishie. Kwanza, kuna Land Rover nyingi zenye ngozi ya Uingereza na moyo wa Isuzu. Kadi ya gari haitakwambia hilo. Pili, hata kama injini ni yake ya kuzaliwa, Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na katikati ya safari hiyo, mwaka 1980, kiwanda kilibadilisha injini ya 2.25 kutoka meni tatu (beringi zinazoshikilia krenki kwenye bloku) kwenda meni tano. Kwa nje zinafanana. Ujazo ni uleule, sentimita za ujazo 2,286. Lakini beringi za meni haziingiliani.

Dawa ni kushusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuhesabu kepu (vifuniko) za meni kwa kidole. Tatu au tano. Kisha hesabu vipande unavyotakiwa kununua, yale maganda ya nusu duara, mawili kwa kila beringi: injini ya meni tatu inakula vipande sita vya meni, ya meni tano inakula kumi. Vya koni, yaani vya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ni vinane kwa zote, maana silinda ni nne. Mimi niliwahi kufungua kifurushi kutoka stendi nikakuta vipande kumi wakati injini yangu ni ya meni tatu. Muuzaji hakunidanganya. Sikuwa nimemwambia.

Andika pia kama ni petroli au dizeli, na upige picha namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku. Itakusaidia ukianza kuongea na watu wa mbali.

Soma maganda ya zamani

Usitupe beringi iliyotoka, hata kama imeliwa hadi imekuwa kama karatasi. Chukua boksi la katoni, toboa matundu, chora namba za silinda, na kila ganda likae mahali pake, la juu na la chini. Kepu za konrodi nazo zigongwe alama kabla hazijafunguliwa. Kepu ya silinda ya pili haiendi ya tatu, hata kama inaingia.

Sasa futa mgongo wa ganda kwa petroli na kitambaa. Shika kwenye mwanga wa ubavuni, asubuhi au jioni, siyo jua la saa sita linalopiga kutoka juu na kufuta kila mkwaruzo. Utaona herufi na tarakimu zilizogongwa kwenye chuma: jina la mtengenezaji, namba ya spea, na saizi. STD maana yake krenki haijawahi kuchongwa. 010, 020, 030 au 040 maana yake imechongwa, na hiyo ndiyo hatua iliyofikia. Ile ya baba mdogo ilikuwa STD mgongoni mwa vipande vyote isipokuwa viwili, ambavyo havikuwa na alama yoyote. Hapo nilijua kuna mtu aliwahi kuingia humo ndani kabla yangu.

Tumbo la ganda nalo lina habari zake. Beringi nyingi za aina hii zina mgongo wa chuma, juu yake madini ya shaba na risasi, na juu kabisa ngozi nyembamba ya kijivu. Ukiona wekundu wa shaba, ngozi imeisha. Mistari mingi myembamba inayozunguka ni vumbi, na kwa sisi wa Dodoma vumbi ndilo muuaji wa kwanza: upepo wa Julai na Agosti ukikuta bakuli la chujio la hewa limekauka oili, mchanga wote unapita kwenye silinda na kushuka kwenye sampu. Madini yaliyoyeyuka na kusogea kama siagi ni injini iliyokosa oili. Ganda lililoliwa upande mmoja tu linakwambia konrodi imepinda au shingo ya krenki imekuwa na umbo la karoti. Ukibadilisha beringi bila kushughulikia chanzo, utazibadilisha tena.

Pima mwenyewe hata kama fundi atapima tena

Shingo za meni kwenye injini hii zikiwa mpya zina kipenyo cha inchi 2.5, yaani milimita 63.50. Shingo za koni ni inchi 2.312, milimita 58.72. Zote mbili zinaingia kwenye maikromita moja ya milimita 50 hadi 75, kwa hiyo huhitaji kununua mbili. Kama huna, azima. Venia usiitumie kwa kazi hii. Venia ni ya kupimia upana wa beringi na urefu wa boliti.

Kila shingo ipime mara nne: karibu na ukingo wa kushoto, kisha karibu na wa kulia, na kila mahali pima ukisimamisha halafu ukilaza. Andika zote. Tofauti kati ya kusimamisha na kulaza inaonyesha kama shingo imekuwa yai. Tofauti ya kushoto na kulia ndiyo ile karoti. Mimi nikiona tofauti inapita milimita 0.03 napeleka mashineni bila kubishana.

Jambo moja watu wanalidharau. Krenki ikikaa juani kwenye uwanja wa gereji hapa kwetu, halafu ukaipima kwa maikromita iliyokuwa kwenye droo ya ndani, unajidanganya. Chuma cha milimita 63.5 kikipata joto nyuzi 20 zaidi kinanenepa kama milimita 0.015. Hiyo ni robo au zaidi ya nafasi yote ya oili. Iache krenki na maikromita vilale chumba kimoja, upime asubuhi.

Baada ya kupima, linganisha na saizi ambazo beringi hutengenezwa. Kwa meni: 63.50 ni standadi, 63.25 ni kumi, 62.99 ni ishirini, 62.74 ni thelathini, 62.48 ni arobaini. Kwa koni: 58.72, 58.47, 58.22, 57.96 na 57.71. Shingo iliyochakaa zaidi ndiyo inayoamua. Kama moja imefika 63.20, zote za meni zinakwenda angalau ishirini, maana huwezi kuchonga kwa kuongeza. Meni na koni, hata hivyo, zinaweza kuwa na saizi tofauti kwenye krenki moja, na hilo ni la kawaida kabisa.

Sasa mtego. "020" kwenye sanduku la beringi za Kiingereza ni inchi 0.020, yaani kama milimita 0.51. Wajapani wanaandika kwa milimita: 025, 050, 075, 100. Kwa hiyo ishirini ya Land Rover inalingana na hamsini ya Toyota. Nimemsikia kijana mmoja akimwambia fundi wa mashine, "Toa pointi ishirini," naye fundi akaelewa milimita 0.20. Krenki ikatoka ikiwa na saizi isiyouzwa popote duniani.

Kabla hujamaliza, funga kepu za konrodi bila beringi, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, upime tundu. Lazima liwe duara. Kwenye ile injini ya Chamwino, kepu mbili zilikuwa na uso unaong'aa wenye mistari ya tupa. Ndizo za yale maganda yasiyo na alama. Fundi wa zamani aliona beringi zimelegea, akapiga tupa kepu ili zikaze, na akapata injini ya kutembea miezi michache. Konrodi ya namna hiyo haiponi kwa beringi mpya. Inarudishiwa uduara mashineni au inatafutwa nyingine.

Kutafuta

Anza jirani. Zunguka maduka ya spea ya mjini, lakini usiishie kwa kijana wa kaunta. Ulizia mwenye duka, hasa yule mzee aliyefungua zamani. Msalimie vizuri, mwonyeshe ganda lako mkononi. Duka la zamani lina shelfu ya nyuma, na shelfu ya nyuma ina vitu ambavyo kompyuta haivijui. Beringi iliyokaa dukani miaka 30 kwenye karatasi yake ya oili ni nzuri kuliko nyingi za leo. Ukiifungua ikiwa na madoa meusi au ngozi imevimba vipele, unyevu umeshaila, mrudishie kwa heshima.

Mjini kukishindikana, simu inakwenda Dar, Gerezani na Kariakoo. Halafu Arusha, ambako magari ya kitalii yaliwaweka hai wauzaji wa Land Rover kwa miaka mingi. Baada ya hapo Nairobi, Barabara ya Kirinyaga. Uingereza ni ya mwisho, si kwa sababu ni ghali tu, bali kwa sababu kukosea kwa mbali kunaumiza. Usafirishaji na ushuru unaweza kuzidi bei ya beringi zenyewe, na hakuna wa kumrudishia.

Simu yangu huwa hivi:

"Shikamoo mzee. Natafuta beringi za injini ya Land Rover, petroli, mbili na robo, meni tatu."

"Marahaba. Saizi?"

"Nitajie ulizonazo kwanza."

Hapo ndipo penye siri. Ukimtajia "ishirini," atakwambia zipo au hazipo, basi. Ukimwacha akutajie, utajua soko lina nini, na krenki yako itachongwa kufuata soko. Kama vipimo vyako vinaruhusu kumi lakini mikononi mwa watu kuna ishirini tu, unachonga ishirini. Ila kama kuna kumi, chukua kumi, ili mtu atakayeifungua baada yako naye apate pa kwenda.

Kabla ya kutuma hela, omba picha kwa WhatsApp: ubavu wa sanduku wenye namba, mgongo wa ganda moja, vipande vyote vimepangwa mezani vihesabike, na ganda likiwa limebanwa na venia kuonyesha upana. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya mgongo wa ganda, mwage kwa amani. Uliza pia washa za trasti, zile nusu mwezi zinazokaa ubavuni mwa meni ya katikati. Mara nyingi zinauzwa peke yake na watu huzikumbuka injini ikiwa tayari inafungwa. Sili ya nyuma ya krenki inunue safari hiyohiyo.

Majina ninayoyaamini ni Glyco ya Ujerumani, King ya Israeli, Taiho na NDC za Japani, na maganda ya zamani ya Vandervell ya Uingereza ukibahatika. Lakini jina zuri linachapwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa katoni. Kifurushi kikishafika stendi, kipimo changu ni hiki: chukua gololi ndogo kutoka beringi iliyokufa, ipime, uiweke kwenye tumbo la ganda, kisha bana ganda pamoja na gololi kwa maikromita. Toa unene wa gololi. Fanya hivyo katikati ya kila ganda. Seti nzuri haitofautiani kwa zaidi ya milimita 0.01. Seti moja niliyowahi kuikataa ilipishana kwa 0.04, na sanduku lake lilikuwa zuri kuliko yote niliyoyaona mwaka ule.

Jaribio jingine: sukuma ganda kwenye kepu kwa kidole gumba. Ganda zima limefunguka kidogo kuliko tundu lake, kwa hiyo linaingia kwa kubisha na kukaa lenyewe. Likidondoka ukipindua kepu, si lake au limechoka.

Beringi za gololi za dinamo, pampu ya maji au giaboksi hazina shida yote hii. Zina namba ya kimataifa ubavuni. 6203 ni tundu la milimita 17, nje 40, upana 12, iwe imetoka Japani au Sweden. Soma namba, nunua namba. Na bushi ya shaba nyeusi inayokaa mkiani mwa krenki, fundi kerezo yeyote mzuri wa hapa mjini anaichonga ukimpelekea ya mfano.

Zikikosekana kabisa

Usiende kwenye karatasi ya sigara wala kopo la maziwa. Najua wapo wanaochomeka kitu nyuma ya ganda ili libane. Joto la beringi linatokea mgongoni kwenda kwenye chuma cha konrodi, na karatasi inalizuia. Inagonga tena kabla hujafika Kibaigwa.

Kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni kutafuta krenki nyingine badala ya beringi nyingine. Zungukia magari yaliyokufa Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, kabla wanunuzi wa skrepa hawajafika na mizani yao. Kongwa ilianza kushushiwa mashine za Waingereza tangu mradi wa karanga wa 1947, na watu wa kule wamezoea kuishi na chuma kizee uani. Krenki ya standadi iliyolala kwenye oili inaweza kuwa na beringi zinazopatikana kirahisi kuliko yako iliyofika arobaini.

Njia ya pili ni kutafuta kwa vipimo. Katalogi za watengenezaji hupanga beringi kwa kipenyo cha shingo, kipenyo cha tundu la konrodi na upana. Inawezekana beringi ya injini nyingine kabisa ikalingana. Lakini kulingana kwa vipenyo hakutoshi: kijino cha kushikilia ganda lazima kiangukie kwenye mfuo wake, na tundu la oili la ganda likutane na tundu la bloku. Tundu likizibwa, shingo hiyo haina oili. Mimi nimefanya hivi mara moja tu, na nilishinda siku nzima nikihakikisha.

Mashineni na kufunga

Sasa chukua krenki, konrodi, na sanduku la beringi, vyote pamoja, umpelekee fundi wa kuchonga. Usimwambie "toa ishirini." Mwandikie kwenye karatasi kipimo cha mwisho unachotaka, kwa milimita, meni na koni. Mwambie aache kona za shingo zikiwa na mviringo wake, maana kona kali ndipo krenki inapokatikia. Midomo ya matundu ya oili ilainishwe, shingo zisuguliwe zing'ae. Ikirudi, safisha njia za oili ndani ya krenki kwa waya, petroli na upepo wa kompresa mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Unga wa jiwe la kuchongea ukibaki humo, beringi mpya zitaula siku ya kwanza.

Kufunga fanya ndani, mlango umefungwa, sakafu imemwagiwa maji kutuliza vumbi. Mgongo wa ganda uwe mkavu, tumbo liwe na oili. Ila kabla ya kupaka oili, nafasi ya oili ipime kwa plastigeji, ule uzi laini unaowekwa juu ya shingo kavu, kisha unakaza kepu, unafungua na kulinganisha upana wake na karatasi iliyokuja nao. Kati ya milimita 0.025 na 0.06 mimi nalala usingizi. Kaza kepu moja, zungusha krenki kwa mkono, kaza inayofuata, zungusha tena. Ikigoma ghafla, tatizo liko kwenye kepu uliyoikaza sasa hivi. Fungua utazame, pengine ni chembe ya mchanga nyuma ya ganda. Mwisho sukuma krenki mbele na nyuma, upime mchezo wake kwa fila geji, vile vibamba vya chuma vyenye unene ulioandikwa. Unatakiwa uwe milimita 0.05 hadi 0.15. Ukizidi, washa za trasti za unene mkubwa zipo.

Kabla ya kuwasha, toa plagi zote na upige stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ile ya baba mdogo ilichukua vipindi sita. Yeye alikuwa amekaa kwenye ngazi, kimya, na taa ilipozima akaniuliza kama ameruhusiwa sasa kuwafukuza wale kuku.